Maswali na Majibu: Mbona Mlipuko Unaumiza Jamii Hii Kuliko Ile?

Barua nyingi tulizopokea kutoka Dodoma mjini, Kongwa, Kondoa, Mpwapwa, Chemba na Manyoni zinazunguka jambo moja. Virusi vikiingia mahali, kwa nini watu wa rangi fulani au kabila fulani huzikana kuliko majirani zao? Tumejibu kadiri kila swali lilivyohitaji, mengine kwa urefu, mengine kwa ufupi.

Mwanangu anaishi Chicago. Wakati wa UVIKO-19 alinipigia simu akisema wanaokufa ni Weusi. Je, damu yetu haina nguvu dhidi ya virusi? (Mama, Area D, Dodoma)

Damu yenu haina kosa, mama. Alichokiona mwanao kilikuwa kweli. Mapema Aprili 2020, Weusi walikuwa kama asilimia 30 ya wakazi wa Chicago, lakini katika waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa karibu asilimia 70. Ili kuelewa kisa chake, mfuate mgonjwa mmoja tangu siku aliyoambukizwa.

Ni dereva wa basi, au msafisha wodi, au mfungasha nyama kiwandani. Amri ya kukaa ndani ilipotoka, wenye kazi za kompyuta walibaki nyumbani, yeye akaendelea kupanda basi alfajiri. Jioni anarudi kwenye nyumba ndogo yenye bibi, watoto na wajukuu. Hakuna chumba cha kumtenga mtu. Tayari ana presha au kisukari, magonjwa yanayochosha moyo, figo na mishipa ya damu, yaani sehemu zilezile ambazo kirusi cha korona huzishambulia mtu akizidiwa. Bima yake imefungamana na ajira, kwa hiyo anasita kwenda hospitali mpaka pumzi inapokata.

Hatari hizi hazijumlishwi, zinazidishana, na hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Tuseme nafasi yake ya kuambukizwa ni mara 2 ya mwenzake, ya kuzidiwa akishaambukizwa ni mara 1.5, na ya kufa kwa kuchelewa matibabu ni mara 1.3. Kila moja peke yake inaonekana ndogo, lakini ukizizidisha unapata 3.9, karibu mara nne.

Takwimu za England na Wales za Mei 2020 zinafanana na hilo. Mwanamume Mweusi alikuwa na hatari ya kufa mara 4.2 kuliko Mzungu wa umri uleule. Wataalamu wa takwimu walipolinganisha watu wenye maeneo, kipato, makazi na afya inayokaribiana, hatari ikashuka hadi mara 1.9. Sehemu kubwa ya pengo iliondoka kabla hata ya kugusa habari za vinasaba, yaani sifa za mwili tunazorithi kwa wazazi. Kisha likaja wimbi la pili. Hatari kwa Waafrika Weusi ikapungua, na watu wenye asili ya Bangladesh na Pakistan wakawa ndio wanaoumia zaidi. Vinasaba vya watu havibadiliki kwa miezi sita. Kilichobadilika ni nani alikuwa kazini, wapi, na kirusi kilikuwa kinazunguka mtaa gani.

Basi mbona Afrika tulikufa wachache? Si melanini ndiyo iliyotukinga? (Mwanafunzi, Dodoma)

Melanini ni rangi asilia iliyo kwenye ngozi, na kirusi kinaingia kwa pua na koo. Weusi wa Chicago walikuwa na melanini ileile.

Kubwa zaidi ni umri. Nusu ya Watanzania wana umri wa chini ya miaka 18 au karibu na hapo, wakati Italia nusu ya watu wamevuka 45. Kwa UVIKO-19, mzee wa miaka 85 yuko kwenye hatari ya kufa mara mamia kuliko kijana wa miaka 20. Ila tusijisifu kupita kiasi, kwa sababu wengi walifia nyumbani bila kupimwa. Afrika Kusini, ambako vifo vinaandikishwa vizuri, vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida vilikuwa zaidi ya mara mbili ya vile vilivyotangazwa kuwa vya UVIKO.

Nafundisha baiolojia. Wanafunzi wanauliza, ina maana vinasaba havina kazi kabisa? (Mwalimu, Kondoa)

Vina kazi, na ni vizuri wanafunzi waione kwa mifano halisi. Kwenye kromosomu ya 3 kuna kipande cha kinasaba kinachoongeza hatari ya kuzidiwa na UVIKO-19. Mwaka 2020 Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kwamba binadamu walikirithi kutoka kwa Neanderthal, watu wa kale walioishi Ulaya na Asia. Asia Kusini karibu nusu ya watu wanacho, Ulaya kama asilimia 16, na Afrika karibu hakuna. Wape wanafunzi swali hili: ikiwa Weusi ndio wasiokuwa nacho, kwa nini walikufa zaidi Chicago? Wakilijibu vizuri watakuwa wameelewa somo zima.

Mfano wa pili ni VVU. Baadhi ya watu wa Ulaya ya kaskazini, kama asilimia 1, wamerithi kwa baba na kwa mama mabadiliko ya kinasaba cha CCR5, na aina nyingi za VVU hushindwa kuingia kwenye chembe zao. Kinga hiyo ni ya kweli, lakini kwa asilimia 1 ya watu huwezi kueleza tofauti ya janga kati ya bara na bara.

Na hapa kwetu wana mfano wa karibu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe na 1.7 Kigoma. Wote ni Watanzania, wote ni Wabantu kwa sehemu kubwa. Tofauti ziko kwenye njia kuu za magari, vibarua wanaohamahama kufuata mashamba, umri wa kuanza mapenzi, na tohara. Tohara ya mwanamume hupunguza hatari yake ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mahali palipokuwa na jando tangu zamani, kama kwa Wagogo, kinga hiyo ilikuwepo kabla ya hospitali kuitangaza. Haiondoi haja ya kondomu.

Zahanati yetu imepata kipima oksijeni cha kidoleni. Nimesikia kinawadanganya watu weusi. Nikitumieje? (Muuguzi, Mpwapwa)

Ulichosikia ni kweli, na ni jambo la kulichukulia kwa uzito. Kifaa hicho hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwenye kidole, kisha hukadiria oksijeni kwa kuangalia mwanga kiasi gani umemezwa na damu. Melanini nayo humeza mwanga. Vingi vya vifaa hivi vilirekebishwa kwa kupimwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeupe. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 uliangalia wagonjwa ambao kifaa kiliwapa namba nzuri, asilimia 92 hadi 96 ya oksijeni. Damu yao ya ateri ilipopimwa maabara, asilimia 11.7 ya Weusi walikuwa chini ya 88, dhidi ya asilimia 3.6 ya Wazungu. Yaani mgonjwa anaishiwa oksijeni na kifaa kinasema yuko salama. Hapo upungufu uko kwenye chombo, na lawama huishia kwa mgonjwa.

Mketishe mgonjwa apumzike dakika 5. Futa rangi ya kucha, na kama vidole vina hina au piko, tumia kidole kisichopakwa au kidole cha mguu. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu mikono huwa baridi, basi isugue ipate joto kwanza, maana damu isipofika vizuri kidoleni namba huyumba. Chomeka kidole cha kati au cha shahada, mkono utulie usawa wa moyo, usisome mpaka namba itulie kwa dakika nzima. Rudia kidole kingine.

Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, 94 isikutulize. Hesabu kwamba oksijeni halisi inaweza kuwa chini kwa namba 2 au 3. Mtembeze hatua chache upime tena, na ikishuka, anza kupanga rufaa. Chini ya 90 ni dharura isiyosubiri. Na kabla ya kuamini kifaa, hesabu pumzi kwa macho yako kwa dakika nzima: mtu mzima anayezidi 30 akiwa amekaa amezidiwa, hata kama kioo kinaonyesha 97.

Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua watu wengi huku, na watu wa mjini wakasema ni ugonjwa wa Wagogo na Wamasai. Mvua zikizidi maneno hayo yanarudi. Yana ukweli? (Mfugaji, Kongwa)

Hayana, na yanaumiza. Mlipuko ule uliua zaidi ya watu 140 nchini, na mkoa wa Dodoma ndio uliopigwa kuliko mingine. Kabila la waliokufa lilitokana na nani anashika mifugo kwa mikono yake.

Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye tope la mabonde na madimbwi. Mayai, mengine yakiwa na kirusi ndani tayari, hukaa kwenye udongo mkavu miaka mingi. Mwishoni mwa 2006 zilikuja mvua za El Niño, mabonde yakajaa, mayai yakaanguliwa kwa mkupuo. Mbu wakauma ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kutoka hapo kirusi kikawafikia watu, wengi wao kupitia damu na majimaji ya mnyama.

Mtu wa mjini anakutana na mbuzi akiwa kwenye jiko la mkaa pale mnadani Msalato. Moto umeshaua kirusi, na hata nyama mbichi iliyokaa saa kadhaa huwa imeingia uchachu unaokidhoofisha. Mfugaji anakutana na mbuzi yuleyule saa ya kisu, damu ikiwa ya moto, au usiku akimvuta ndama aliyekufa tumboni kwa mikono mitupu. Daktari wa mifugo kutoka taifa lolote akifanya hivyo bila glovu anaambukizwa vilevile. Na hakuna ushahidi kwamba homa hii huenda kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo kumkwepa mfugaji sokoni au kwenye daladala hakumkingi yeyote.

Dalili ya kwanza huanzia zizini. Majike yakitupa mimba kwa wingi ndani ya siku chache, hasa kondoo, na vichanga vikafa, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo. Usichinje mnyama wa kundi hilo "ili asipotee bure". Mimba iliyotoka na kondo la nyuma usiviguse. Visukume kwa koleo, vifukie kwenye shimo la mita moja na nusu au zaidi, mbali na kisima, mbwa wasifukue. Maziwa yachemke mpaka yapande, na unywaji wa damu mbichi usimame kabisa. Lala kwenye chandarua, ila ujue Aedes huuma pia mchana, kwa hiyo mchungaji avae mikono mirefu.

Kosa moja hurudiwa kila mara: kukimbilia kuchanja kundi wakati ugonjwa umeshaingia. Sindano moja ikipita ng'ombe kumi, inabeba kirusi kutoka kwa aliyeambukizwa hadi kwa mzima. Chanjo ya mifugo ni ya kabla ya mvua. Ya binadamu bado haijaidhinishwa.

Mtu akiambukizwa, homa huanza siku 2 hadi 6 baadaye, na viungo humuuma kama mwenye malaria. Wengi hupona. Akianza kutoka damu, macho kuwa manjano, kuona ukungu au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali, na mwambie mganga kwamba alishika mnyama. Sentensi hiyo moja hubadilisha vipimo atakavyofanyiwa. Homa itulizwe kwa paracetamol. Aspirini na ibuprofeni huongeza kutoka damu.

Wafugaji wanaohama wanakosa chanjo ya surua, halafu wanalaumiwa kuwa wakaidi. Niwaelezeje viongozi? (Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Chemba)

Waeleze kwamba surua inahitaji karibu watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa dozi mbili ili isisambae. Dozi zetu ni ya miezi 9 na miezi 18. Kati ya hizo mbili kuna kiangazi kizima, na familia imeshahamia malisho mengine. Dozi ya pili haikukataliwa na mtu, ilikosa mahali pa kutolewa. Kwa hiyo kliniki ya mkoba ipangwe siku ya mnada na kwenye bwawa la kunyweshea, na kadi ya mtoto ikubalike kituo chochote.

Ukaidi wa kweli nao upo, lakini mara nyingi umepandwa na mtu. Huko Minnesota, Marekani, watoto wa asili ya Kisomali walikuwa wakichanjwa vizuri, asilimia 92 mwaka 2004. Ukaenezwa uvumi kwamba chanjo huleta usonji, jambo ambalo utafiti umelikanusha mara nyingi, na kufikia 2014 wakabaki asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikawapata watu zaidi ya 60, wengi mno watoto wa jamii hiyo. Imani hurudishwa na mtu anayeaminika, akiongea lugha ya nyumbani, nyumba kwa nyumba, bila kugomba.

Maji kwetu ni ya kununua kwa dumu, na tunalala wengi kwenye tembe. Tufanye nini homa za kuambukiza zikija? (Msomaji, Manyoni)

Uhaba wa maji umewaumiza wengine pia. Kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, ambao kama theluthi ya nyumba zao hazina bomba, UVIKO-19 uliwapiga vibaya sana mwaka 2020.

Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, toboa kwa msumari uliopashwa moto tundu moja upande wa juu, chini kidogo ya shingo. Lining'inize kwa mpini wake kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, funga kamba shingoni, na kamba ishuke hadi kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika kidogo tu. Sabuni itoboe, itundike pembeni. Mguu ndio unaofungua, kwa hiyo mkono mchafu haugusi chochote. Likimwagika lenyewe, tundu liko chini mno. Ziba, toboa juu zaidi.

Tembe lenye kidirisha kimoja halipitishi hewa, na virusi vya mafua, surua na korona hubaki vikielea humo. Panua tundu la pili upande unaokabili mlango, hata kama ni la upana wa matofali mawili, liwekee wavu. Mgonjwa alale karibu na tundu hilo la kutokea hewa, wengine upande wa mlango, na mzee wa nyumba ahamie kwa jirani hadi homa ipite. Ndama na mbuzi watoke ndani, hasa masika.