Kufuli tatu, daftari moja: maswali yenu kuhusu huduma ya pamoja

Mavuno yakianza kuingia, makanisa hukumbuka kwamba yana majirani. Maswali ya safari hii, kuhusu makanisa ya madhehebu mbalimbali kuhudumu pamoja, yametoka Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chamwino, Manyoni na Dodoma mjini, na tumeyafupisha. Ni moja tu linalogusa mafundisho. Mengine yote ni ya fedha, funguo na nani ashike maiki, na kwa tunavyoona, hapo ndipo huduma nyingi za pamoja hufia.

Bwana asifiwe watumishi. Kijijini kwetu tuko makanisa matatu: Anglikana, KKKT (Walutheri) na la Kipentekoste. Tunataka ghala moja la chakula cha wajane na wazee kwa miezi ya njaa. Mwaka jana kila kanisa liligawa kivyake, kuna kaya zilipata mara tatu na nyingine hazikuambulia kitu. Tuanzie wapi? (Mwinjilisti, Bahi)

Amina, mwinjilisti. Anzeni na orodha, magunia yatafuata. Kila kanisa lilete majina yake, mkae na mwenyekiti wa kitongoji, mfute yanayojirudia. Kisha ongezeni wale ambao hakuna aliyewaandika kwa sababu hawasali kwenu: jirani Mwislamu, mzee wa mila, bibi asiyekwenda popote. Orodha isisomwe ibadani. Mjane akitangazwa mbele ya watu kwamba hana chakula, mwakani atakaa na njaa yake kimya.

Mkishajua idadi, pigeni hesabu. Tuseme kaya ni 35 na mtagawa mara tatu, Januari, Februari na Machi, kilo 18 kila mara: 35 × 18 × 3 ni kilo 1,890. Mtafute magunia 20 ya kilo mia. Lakini semeni ukweli mapema: kaya ya watu watano inayokula kilo mbili kwa siku itamaliza kilo 18 kwa siku tisa. Chakula hiki ni cha kuvusha siku za kupalilia, ili mama asiache shamba lake likaliwa na magugu akaenda kulima kibarua kwa mwenzake. Hakitoshi mwezi, msiahidi mwezi.

Mchango msiugawe sawa kwa makanisa, maana kanisa la kaya 30 litaona haya mbele ya lile la kaya 150, na kwenye haya ndipo watu huacha kuja vikaoni. Ombeni kwa kaya: kilo tisa, yaani kama nusu debe. Kaya 220 zikitoa, mna kilo 1,980. Pimeni kwa mizani. Debe la huyu ni la kusawazisha kwa mkono, la yule limejaa mpaka linamwagika, na wote wawili wanaitwa wametoa debe.

Pokeeni Juni na Julai, watu wakishapura. Nafaka iliyopurwa chini bila turubai hubeba mchanga. Ipepeteni palepale mbele ya aliyeileta, ndipo mpime. Kisha unyevu. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tieni nafaka hadi theluthi moja, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, fungeni, tikiseni dakika moja, iacheni itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka ni mbichi, irudi juani. Isipoganda, bado ng'ateni punje: ikivunjika kwa mlio iko tayari, ikibonyea ianikwe siku nyingine mbili. Msione tunasumbua. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota ukungu. Ndiyo maana kwa ghala la huruma tunapendelea uwele na mtama, ambavyo havishambuliwi sana kama mahindi na karanga.

Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ile ya nailoni mbili ndani ya kiroba. Jazeni nailoni ya ndani, kamueni hewa, sokoteni mdomo, ukunjeni mara mbili, fungeni kwa kamba. Mfanye hivyohivyo kwa ya pili, kisha kiroba. Wadudu waliobaki humo hufa kwa kukosa hewa, mradi hakuna anayefungua. Na hapa kamati za makanisa zina ugonjwa wao: kila Jumapili mtu anataka afungue aone kama nafaka bado ipo. Hesabuni mifuko iliyofungwa, msifungue. Ikae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita akitafuta mashimo ya panya.

Sasa kufuli. Kila kanisa liwe na yake, ghala lisifunguke bila wote watatu. Fundi wengi hufunga mnyororo mmoja na kuunganisha kufuli tatu zikashikana kama pete. Tazameni vizuri: mlango uliofungwa hivyo hufunguliwa na yeyote mmoja kati ya watatu, kwa sababu kufuli moja ikiachia, mnyororo mzima umeachia. Mnahitaji komeo tatu mbalimbali mlangoni, kila moja na kufuli yake. Funguo za akiba zitiwe kwenye bahasha iliyosainiwa na wote juu ya gundi, akae nayo mtendaji wa kijiji. Anayesafiri akabidhi ufunguo wake kwa maandishi.

Daftari ni moja: tarehe, jina, kilo zilizoingia au kutoka, sahihi mbili za watu wa makanisa tofauti. Mgawo ufanyike siku ya kazi, Jumatano kwa mfano, na si baada ya ibada. Ukigawa Jumapili nje ya kanisa, asiye muumini hatakuja, na muumini atadhani amelipwa kwa kuhudhuria.

Makanisa manne tulifanya mkutano wa injili. Michango ilipitia namba ya simu ya mwenyekiti kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Mkutano ulikwenda vizuri, sasa kuna maneno ya chini kwa chini kuhusu fedha. Mwenyekiti ni mtu mwaminifu. Tufanyeje? (Mhazini, Nkuhungu, Dodoma mjini)

Mwaminifu huyo ndiye mnayemwumiza. Fedha za watu wengi zikichanganyika na za nauli na ada ya mtoto kwenye simu moja, hata malaika hawezi kuzitenganisha. Mwombeni achukue taarifa ya miamala ya siku zile, mkae watu wanne, mmoja kila kanisa, mweke alama kila muamala wa mkutano, mwandike jumla, msaini, nakala iende kwa kila mchungaji. Fanyeni hivyo wiki hii. Maneno ya chini kwa chini hayasubiri kikao cha robo mwaka.

Kwa mbele, kanisa moja liwe mlezi wa fedha. Lifungue akaunti ya pekee kwa jina lake, isiyo ile ya sadaka zake, yenye watia saini watatu wa makanisa matatu, na fedha zitoke kwa sahihi za wawili. Mlezi abadilike kila baada ya miaka miwili. Mkifika mahali pa kununua kiwanja au kuchimba kisima, mlezi hatoshi tena. Mali ikiandikwa kwa jina la kanisa moja, siku mkiachana itabaki na hilo. Hapo sajilini umoja wenu kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, pamoja na katiba yake.

Sadaka za uwanjani zihesabiwe usiku uleule, watu watatu, mlango wazi, taa ya kutosha. Andikeni idadi ya noti za 10,000, za 5,000, za 2,000, za 1,000, kisha sarafu, halafu ndipo jumla. Kuandika jumla peke yake ni kukaribisha ubishi. Na mnada wa sadaka: kuku akipandishwa kwa ushindani wa makanisa mpaka bei ya mbuzi, aliyeshinda anaweza kwenda na kuku na kuacha ahadi. Daftari la mnada liwe na safu mbili, "amelipa" na "anadaiwa", na isomwe ya kwanza tu kama mapato.

Baada ya mkutano wa pamoja, waongofu wote wanaishia kwa mwenyeji. Wenzetu wanasema tumeibiwa kondoo. (Mchungaji, Kongwa)

Mchungaji, mara nyingi hakuna aliyeiba. Kadi za majina ya waongofu zimekaa kwenye mkoba wa mwenyeji wiki tatu, na waliokuwa na njaa ya Neno wakarudi pale walipopajua, uwanjani kwake.

Kadi iwe na nakala mbili na mambo matano tu: jina, simu, kitongoji na balozi wake wa nyumba kumi, unasali wapi sasa, ungependa utembelewe na kanisa gani. Balozi tunamsisitiza kwa sababu simu nyingi huzimwa au hubadilishwa, lakini nyumba haihami. Andaeni mshauri mmoja kwa kila watu watano mnaotarajia, wachanganyike makanisa, na wafundishwe jambo moja kabla ya yote: mwenye kanisa anarudi kwake, asiye nalo anachagua mwenyewe. Usiku huohuo, kabla watu wa vyombo hawajamaliza kukunja nyaya, wachungaji wagawane nakala. Ziara ya kwanza ndani ya siku tatu, wawili wawili, wa makanisa tofauti. Baada ya mwezi mkutane na kadi mkononi: nani ameonwa, nani hakupatikana.

Mkitaka kujua kama mwenzenu ana nia njema, tazameni siku ya kikao hicho kama ameleta kadi zake.

Tunaandaa tamasha la kwaya sita. Namba za nyimbo hazilingani vitabuni, na mwaka jana ngoma zilimeza waimbaji. (Mwanakwaya, Mpwapwa)

Acheni namba. Tangazeni mstari wa kwanza, na chapeni beti za wimbo wa pamoja kwenye karatasi, kwa sababu hata wimbo uleule hutofautiana maneno kati ya kitabu na kitabu, na watu 200 watagongana ubeti wa pili. Wimbo wa pamoja uwe mmoja, mazoezi mawili, mwalimu mmoja anayetoa sauti ya kuanzia. Walimu sita wakitoa sauti, mna nyimbo sita.

Kwaya inayopiga muheme, ngoma za akina mama wa Kigogo, iwekwe pembeni, hatua tano hivi kutoka kwenye maiki, na maiki isielekee ngoma. Akina mama wapewe nafasi ya kupasha ngozi kabla ya zamu yao; ngozi baridi ina sauti ya bati lililolowa, halafu fundi mitambo analaumiwa. Kila kwaya dakika saba, na mshika saa asiwe na kwaya.

Tukiabudu pamoja na Wakatoliki, tunaweza kushiriki Meza ya Bwana pamoja? (Mzee wa kanisa, Chamwino)

Hapana, mzee wetu, na msimtie padre majaribuni kwa kumwomba. Sheria za Kanisa Katoliki, kanuni ya 844, zinaruhusu kuwapa sakramenti Wakristo wengine katika hali chache za pekee, na kanuni ya 908 inakataza padre kuadhimisha Ekaristi pamoja na wachungaji wa makanisa mengine. Kati ya makanisa ya Kiprotestanti nako taratibu hutofautiana; ulizeni ofisi ya askofu kabla ya kupanga, si asubuhi ya ibada.

Pangeni ibada ya Neno: masomo, mahubiri, sala za maombezi, sadaka, baraka. Na msidhani bila meza hakuna kazi. Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, CSSC, mwaka 1992, na kwa njia hiyo wanasimamia mambo ya hospitali na shule pamoja miaka yote hii bila kikombe kimoja.

Wiki ya kuombea umoja wa Wakristo na Siku ya Maombi ya Dunia ya wanawake, watu wetu hawaji. Wamepoa kiroho? (Mama wa umoja, Manyoni)

Wako shambani, mama. Wiki ya umoja ni 18 hadi 25 Januari, Maombi ya Dunia ni Ijumaa ya kwanza ya Machi, na sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja tu wa mvua. Aliyekosa palizi ya Januari hana palizi nyingine. Wiki ya umoja fanyeni saa kumi jioni kwa saa moja, kila siku kanisa tofauti. Ijumaa ya Machi anzeni saa tisa, na uji uwepo, kwa sababu wapo watakaokuja hawajala tangu asubuhi na hawatasema.

Tunataka zamu ya pamoja ya kutembelea wagonjwa hospitalini. Kuna la kuangalia? (Shemasi, Dodoma mjini)

Barua kwa mganga mfawidhi kwanza, yenye majina na namba za simu za wahudumu wote, na kitambulisho kimoja cha umoja, pasiwe na sare sita za makanisa sita wodini. Nendeni wawili wawili, saa za kuona wagonjwa, mkianzia kwa muuguzi wa zamu. Atawaambia kitanda gani msikaribie leo. Mwulizeni mgonjwa kama anataka maombi; akikataa, msalimieni mwondoke kwa amani. Dakika kumi zinatosha, sauti ya chini, hakuna maiki wala kukemea. Msimpe chakula wala mafuta ya kunywa, na atakayemwambia mgonjwa aache dawa afutwe kwenye zamu siku hiyohiyo, hata kama ni mchungaji. Mikono ioshwe kila mkitoka kitanda kwenda kitanda. Mkimaliza, andikeni kwenye daftari la zamu kanisa la mgonjwa, ili mchungaji wake apigiwe jioni hiyo. Wagonjwa wengi wanaolazwa mjini wametoka vijijini na kanisani kwao hakuna anayejua wako wapi.