Asidi mpya si dawa ya betri iliyochoka

Swali: Gari langu hukaa hadi wiki 3 bila kuendeshwa. Betri yake ni ya volti 12, ampea-saa 60, ya aina yenye vifuniko vya kufunguliwa, na ina umri wa miaka 2. Siku hizi haiwashi gari. Fundi amependekeza tumwage maji yaliyomo, tujaze asidi mpya, kisha tuichaji kwa ampea 30 kwa saa 2. Je, njia hiyo ni salama?

Jibu: Si salama, na wala haitakupa unachokitafuta.

Gari lililozimwa huendelea kutumia umeme kidogo kwa ajili ya saa, king'ora na kompyuta zake. Ampea 0.05 haihesabiwi kuwa hitilafu, lakini kwa siku 21 hufikia ampea-saa 25, yaani zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wa betri yako. Huenda basi betri ni nzima, ila ina njaa.

Linalonisumbua zaidi ni huo ushauri wa asidi, ambao nakutana nao mara kwa mara, na kila mara umetolewa kwa uhakika wa tabibu anayeandika dawa bila kumpima mgonjwa. Betri inapotoa umeme, asidi haipotei, bali huingia katika mabamba ya risasi, yale ambayo mafundi huyaita plati, na kuyafunika kwa salfeti ya risasi, huku kimiminika kikibaki chepesi. Ukikilinganisha na maji, uzito wake hushuka kutoka takriban 1.27 betri ikiwa imejaa hadi karibu 1.12 ikiwa imeisha. Inapochajiwa, asidi ile ile hutoka katika mabamba na kurudi ilikokuwa. Anayemwaga kimiminika hicho chepesi na kujaza asidi mpya huiacha ya zamani imejificha ndani ya mabamba, na betri ikishachajiwa asidi hizo mbili hukutana, zikawa kali kupita kiasi na kuanza kuyala mabamba yenyewe.

Ubaya ni kwamba hila hii huonekana kufaulu. Volti ya kila seli, yaani kila chumba cha betri, hufuata ukali wa asidi, kwa hiyo mita hupanda siku hiyo hiyo, kipima asidi, kifaa kinachopima uzito ule wa kimiminika, nacho hudai kwamba betri imejaa, na gari huweza kuwaka kwa siku chache. Fundi hulipwa na kusifiwa. Betri inapokufa baadaye, lawama humwendea aliyeitengeneza kiwandani.

Kinachopungua kwa kawaida ni maji, ambayo wakati wa kuchaji hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Ongeza maji yaliyokenekwa tu, tena baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda betri inapojaa. Mabamba yakiwa wazi kabla ya kuchaji, yafunike kidogo tu kwanza. Na usome lebo, kwani jina "maji ya betri" hutumiwa kwa asidi na kwa maji pia, na mkanganyiko huo peke yake umeua betri nyingi.

Ampea 30 ni nyingi mno kwa betri hii: huipasha joto, hupinda mabamba na kuyabandua. Tumia ampea 6 au pungufu kwa takriban saa 10 hadi 12, mahali penye hewa ya kutosha, ukiwa umevaa miwani ya kinga, na usitishe kazi ikiwa betri inakaribia nyuzi 50 za Selsiasi. Chaja izimwe kabla hujagusa klipu zake, kwa kuwa haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Unapoitoa betri garini, anza na kebo hasi, na unapoirudisha iwe ya mwisho.

Baada ya kuchaji, iache ipumzike usiku mzima ndipo upime. Volti 12.6 au zaidi ni habari njema. Lakini seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.05 au zaidi katika kipima asidi, betri hiyo imekwisha, na hakuna wa kuifufua.

Wanaodai kufufua hawakosekani. Wapo wanaotia vidonge vya aspirini, ambavyo huvunjika na kutoa asidi ya siki inayokula risasi. Wapo wanaotoboa betri zilizofungwa kiwandani, ambazo hazikukusudiwa kufunguliwa kamwe. Na wapo wanaochaji kwa mashine ya kuchomelea, eti kuokoa muda. Yeyote atakayekuambia umwage kilichomo, muulize kwanza atakimwaga wapi, kwa maana kimiminika hicho kimebeba asidi na risasi, na hakifai kuingia mtaroni wala ardhini.