Kabla ya kumpa kasisi likizo, muulizeni mkewe

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, kasisi wa parokia apewe likizo ya Krismasi, walau mara moja katika miaka kadhaa, akae na familia yake?" Nilikuwa na jibu kabla sijafika kwenye alama ya kuuliza. Ndiyo, apewe. Baba yangu ni kasisi mstaafu wa Kanisa la Uganda, yaani Kanisa la Kianglikana. Tumekulia katika nyumba za parokia, mashambani upande wa Tororo, na Krismasi zote za utoto wetu Baba alikuwa wa watu wengine.

Hali yenyewe mnaijua. Parokia moja ina kanisa lake kubwa na makanisa madogo yanayolelewa na wasomaji. Msomaji anaweza kuongoza sala na kuhubiri, lakini Meza ya Bwana, yaani Ushirika Mtakatifu, inamngoja kasisi, na siku ya Krismasi kila kanisa linaitaka. Juu ya hapo kuna ubatizo. Watoto waliozaliwa Kampala mwaka mzima huletwa kijijini Desemba, nauli ikiwa imeshapanda, na wazazi wanataka wabatizwe siku hiyohiyo kwa sababu kesho kutwa wanarudi mjini. Baba alikuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri kwa baiskeli, kanzu na kikombe vimefungwa kwenye karia. Anasalisha huku, anasalisha kule, kisha anafika kanisa la nyumbani saa tano, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Sisi watoto wake tulimwona pale madhabahuni, kama alivyoonwa na kila mtu.

Lakini nikiandika haya naona hasira yangu haiko kwa Baba wala kwa baiskeli yake. Swali lenu linamhusu kasisi. Mimi nataka kumsemea mkewe.

Mama ni Msamia kutoka upande wa Busia, Baba ni Mjopadhola. Walikutana katika Kiswahili na ndicho kilichotulea. Baba alikuwa mwanafunzi katika chuo cha theolojia cha Mukono mwaka 1977, mwaka Kanisa la Uganda lilipotimiza miaka 100, na ndio mwaka Askofu Mkuu wake, Janani Luwum, alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, tarehe 16 Februari. Siku chache kabla ya hapo askari walikuwa wameipekua nyumba yake ya Namirembe usiku. Ndugu zake Mama walimwonya: ukiolewa na mchungaji nyumba yako haitakuwa na mlango, ataingia mwenye njaa na ataingia mwenye bunduki. Akaolewa akijua. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba Mama hakujua anakokwenda.

Ambacho hakuambiwa na mtu ni kwamba atalisha parokia. Nyumba ilikuwa ya parokia, basi na sufuria nazo zikahesabiwa kuwa za parokia. Ibada ikiisha, wazazi wa watoto waliobatizwa walipitia kwa Mchungaji, wanakwaya walipitia kwa Mchungaji, wasomaji walioleta makusanyo ya makanisa madogo walipitia kwa Mchungaji na wakangoja hadi hesabu iishe. Bajeti ya parokia ilikuwa na divai, mishumaa na mafuta ya taa. Sijawahi kusikia ikitajwa kilo moja ya mchele wa wageni. Na Mama ndiye aliyekuwa akiongoza Umoja wa Akina Mama, kwa hiyo hata kulalamika hakuwa na pa kulalamikia, maana wa kupokea malalamiko ya wake za watu alikuwa ni yeye.

Kuna Krismasi moja, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa bado shule ya msingi. Naomba mnivumilie niieleze yote.

Asubuhi ile Mama alimpa Baba hela ya nyama. Bucha lilikuwa pale senta, njiani anakopita akitoka kanisa la pili, na makubaliano yalikuwa anunue, amkabidhi kijana wa baiskeli ailete nyumbani mapema. Ubatizo ukawa mrefu. Baba akapita bucha mbio bila kusimama, akaingia kwenye ibada yetu na hela bado iko mfukoni, chini ya kanzu. Mama alimwona akiingia, akatazama mlangoni kama kijana wa nyama anafuata, akaelewa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na niliuona uso wake.

Baada ya ibada kukawa na mnada wa sadaka, nje, chini ya mwembe. Watu walikuwa wameleta walichonacho: maboga, mayai, miwa, mtama, mbuzi mmoja. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa mwenye ulimi mtamu, aliyeweza kuliuza boga moja mara nne, kwa sababu anayenunua hurudisha, likauzwa tena, na hela yote ikawa ya kanisa. Wageni wa Kampala walishindana kwa mbuzi hadi wakachoka. Ndipo alipoinuliwa jogoo wa bikizee mmoja mjane aliyekaa mstari wa mbele. Jogoo mwenyewe alikuwa amekonda, shingo haina manyoya. Mnadi akataja bei, kimya. Akashusha bei, kimya. Akaanza kumtania yule jogoo, akasema huyu hata mchuzi atauona kwa mbali, watu wakacheka. Bikizee aliinamisha kichwa akawa anakunja pindo la gomesi yake kidoleni.

Baba akanyoosha mkono. Akataja elfu tano, bei ambayo jogoo mnono hakuifikia siku zile. Kelele za kicheko zikageuka makofi. Akaingiza mkono chini ya kanzu, akatoa hela ya nyama, akaiweka kwenye kikapu. Halafu akafanya kama desturi inavyotaka: akamrudisha jogoo auzwe tena.

Nimeifikiria sana dakika ile, na bado sioni Baba angefanya nini kingine. Angemwacha yule bikizee aende nyumbani na aibu yake siku ya kuzaliwa Kristo? Na angewezaje, yeye kasisi, kumbeba jogoo wa sadaka kwapani wakati wengine wote wamerudisha? Hata hivyo hela ilikuwa imekwenda, na nyama ilikuwa imekwenda, na watu walikuwa wameshaanza kuelekea nyumbani kwetu.

Mnadi akaanza upya. Mtu wa kwanza akataja mia tano, kwa mzaha. Mama akasimama katikati ya akina mama, akafungua fundo kwenye mshipi wa gomesi, akasema elfu moja na mia tano. Hakuna aliyeongeza. Nani ataongeza juu ya Mama Mchungaji? Akaenda mbele, akalipa, akampokea jogoo kwa miguu. Mnadi akamwambia, "Mama, turudishie basi."

Mama akasema, "Sirudishi."

Akavuka uwanja wa kanisa na jogoo mkononi, gomesi yake ya sherehe, mgongo umenyooka, sisi watoto tunamfuata nyuma. Njiani akanituma nirudi: "Kamwambie nyanya yule asiende kwake. Aje."

Kaka yangu alimchinja jogoo. Mama akaongeza maji, nyanya, vitunguu na karanga, akapika wali ule wa mwaka mara moja, na kwa wali usiotosha akasonga ugali wa wimbi. Wageni walijaa hadi kwenye veranda. Ulipofika wakati wa kupakua, mzee wa kanisa aliyekuwa mnadi alikuwa amekaa karibu na Baba, anangoja. Firigisi mnajua ni ya nani katika nyumba za kwetu. Ikapita kwa Baba, ikampita mzee, ikaenda kutua kwenye sahani ya bikizee kule kwenye mkeka. Mzee akauliza, kwa upole, "Mama, firigisi imepotea?" Mama akajibu, "Haijapotea, mzee. Imefika kwa mwenyewe."

Januari, kwenye kikao cha parokia, jambo lile likaletwa. Wakasema Mama Mchungaji ameiondoa sadaka madhabahuni akaipeleka jikoni. Wakamtaka Baba airekebishe nyumba yake. Baba akawajibu kwamba jogoo aliuzwa mnadani na aliyenunua alilipa, basi waende kwenye jambo la pili. Mama alilipa kwa hela ya mayai ya kuku wake, na hakuna hata mmoja kikaoni aliyeuliza kwa nini nyumbani kwa kasisi hakukuwa na nyama siku ya Krismasi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko kukosekana kwa Baba mezani.

Sasa nirudi kwenye swali, maana naona nimekwenda mbali. Juzi nilimpigia Mama simu nikamsomea mlichouliza. Nilitegemea aseme ndiyo. Akasema, "Akae nyumbani afanye nini?" Akanikumbusha Pasaka ya 2020, makanisa yalipokuwa yamefungwa kwa ajili ya korona. Baba alikuwa ameshastaafu lakini bado alikuwa akisaidia parokiani. Asubuhi ile alivaa kanzu na stola, akakaa karibu na redio, akasimama, akazunguka ua, akarudi, akauliza mara nyingi kama saa zimefika, wakati hakuna mahali pa kwenda. Mama anasema kumtazama kulikuwa kuchungu kuliko Krismasi zote alizokuwa hayupo. Kisha akaniambia: "Mimi sikutaka wanirudishie Baba yenu. Nilitaka mtu aje mwezi wa kumi na moja aniulize, Mama, mwaka huu mtakuwa watu wangapi?"

Nimekaa na maneno hayo, na ile "ndiyo" yangu ya mwanzo imelegea. Kuna pia jambo la hela ambalo watu wa mjini hawalioni. Kasisi wa parokia ya mashambani analipwa kutoka kwenye makusanyo ya parokia, baada ya sehemu ya dayosisi kutoka, na mara nyingi analipwa kwa malimbikizo. Krismasi na Pasaka ndizo siku ambazo kikapu kinajaa. Ukimwondoa kasisi siku hiyo, ubatizo ukasogezwa, Meza ya Bwana ikakosekana katika makanisa matatu, watu watatoa kidogo, na aliyepewa likizo ndiye atakayekosa karo ya watoto muhula wa kwanza. Ni likizo ambayo familia ingeilipia yenyewe.

Wenzetu wengine nao wana yao. Rafiki yangu mmoja ni binti wa kasisi Mwothodoksi, ambao kwao mtu huoa kabla ya kuwekwa wakfu, na anasimulia jiko lilelile la kwetu, tarehe 25 ileile. Padri Mkatoliki hana mke, lakini kuna mtu anayewapikia wageni wake, na huyo pia ana watoto wanaomngoja kwake.

Basi jibu langu, ambalo silo nililolikusudia, ni hapana. Msimpe kasisi likizo ya Krismasi. Mwacheni apande baiskeli yake, au pikipiki kama dayosisi imembariki, aende kwa watu waliomngoja mwaka mzima. Mpeni wiki ya kwanza ya Januari iwe yake kabisa, bila mazishi wala kikao, msomaji ashike. Malimbikizo yake yalipwe kabla ya tarehe 20 Desemba, siyo baada ya kuhesabu kikapu. Na wageni wa parokia walishwe na parokia: kila kanisa dogo lilete mchele wake na kuku wake, wapike akina mama kwa zamu, Mama Mchungaji akae kwenye kiti ale. Barua za uhamisho pia zisifike wiki ya Krismasi. Tumepakia godoro kwenye lori mara kadhaa na mapambo ya karatasi bado yako ukutani, na kwa hilo silegei hata kidogo.

Isipokuwa kama mke ni mgonjwa, au amejifungua juzi, au kuna mtoto anayezikwa nyumbani kwao wiki hiyo. Hapo kasisi akae, na askofu atafute mtu mwingine hata kama ni kutoka dayosisi ya jirani. Haya hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nimeona kasisi akibariki arusi wakati mwanawe yuko hospitali.

Kuhusu makasisi wanawake, ambao Kanisa la Uganda limekuwa nao tangu mwaka 1983 kule Kigezi, nakiri kwamba jibu langu halijawafikia. Yeye ndiye anayesalisha makanisa matatu, na akirudi nyumbani watu wanamtazama yeyeyule kwa ajili ya sahani. Pengine hao likizo wanaistahili kweli. Ningependa mmoja wao aandike wiki ijayo, na mume wake naye aulizwe alipika nini.