Fursa iko kwa mteja aliyeondoka mikono mitupu

Swali: Tunauza spea za magari Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Tuna matawi mawili na wafanyakazi 14. Kila wiki anakuja mtu kutuuzia mfumo: leo programu ya simu, kesho roboti ya kujibu wateja. Tutajuaje ipi ni fursa na ipi ni gharama tu?

Jibu: Hao wa mifumo wangoje kwanza. Rekodi zenu za mauzo haziwezi kuwaonyesha fursa, kwa sababu zinahifadhi kilichouzwa tu. Fundi aliyepiga simu kuuliza bushi za Probox, akaambiwa "ngoja niangalie", akachoka na kununua kwa jirani, hayumo popote vitabuni mwenu. Huyo ndiye wa kutafutwa.

Wekeni daftari kwenye kaunta zote mbili kwa siku 12 za kazi. Kila ulizo liandikwe: saa, limekuja kwa simu, WhatsApp au ana kwa ana, spea iliyotajwa (kwa maneno ya mteja, si yenu), dakika zilizotumika, na kama alinunua. Wahudumu huogopa kuandika wasionunua, wakidhani watalaumiwa. Wahakikishieni mapema kwamba hapimwi mtu, la sivyo daftari litajaa mauzo matupu.

Kisha pigeni hesabu. Tuseme maulizo ni 40 kwa siku, na kila moja linakula dakika 4 za kwenda stoo na kurudi: hizo ni dakika 160, karibu saa 3 za mtu mmoja. Mengi yakiwa ya "mnayo?", mnachohitaji ni orodha ya stoki inayosomeka kwenye simu, wala si roboti. Yakiwa ya spea msizonazo, kasoro iko kwenye ununuzi, na programu haitaitibu.

M-Pesa ilipata umbo lake kwa kutazama namna hiyo. Majaribio ya 2005 yalilenga ulipaji wa mikopo midogo. Watu walipoonekana wakitumiana pesa wao kwa wao, huduma ikazinduliwa Machi 2007 kwa kazi hiyo ya kutuma pesa.

Kabla ya kulipia chochote, chukueni spea 50 bila kuchagua, mlinganishe vitabu na rafu. Zisizolingana zikizidi 5, anzeni hapo, maana orodha itamwita mteja aje kuchukua kitu kisichokuwepo. Mara nyingi chanzo ni spea moja kuandikwa kwa majina matatu. Tumieni namba ambayo mtengenezaji ameipa spea hiyo.

Halafu jaribuni kidogo: tawi moja, filta na padi za breki tu, wiki 6, kwa katalogi ya WhatsApp Business, isiyolipiwa. Kiwango cha kufaulu kiandikwe kabla ya kuanza, kwa mfano maulizo yasiyozaa mauzo yapungue kwa robo. Kikiwekwa baadaye, kila jaribio hufaulu! Na msiwatumie wateja matangazo kwa namba mlizokusanya bila ridhaa yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana hapo. Ongezeni safu ya ridhaa kwenye daftari lile lile.