Kabla hujaondoka kwenda muhula wa Ujerumani

Wadogo zetu wa vyuo vya Mombasa wakipata nafasi ya kubadilishana wanafunzi Ujerumani, huja kuniuliza mambo mawili: baridi na pesa. Hayo yana majibu mafupi. Koti zito nunua hukohuko, la mtumba. Pesa, mwenye barua ya ufadhili wa Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ataionyesha ubalozini. Anayejilipia atatakiwa kuweka euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti iliyozuiliwa (Sperrkonto), kwa kiwango kilichoanza 2024, na atakuwa akitoa 992 kila mwezi. Basi.

Wasichouliza ndicho kinachowachelewesha watu kuhitimu. Masomo utakayosoma kule, huku yatahesabiwa vipi?

Kuna mkataba wa masomo unaotiwa saini na pande tatu: wewe, chuo chako na chuo kinachokupokea. Wengi huuchukulia kama fomu nyingine ya viza, wakaujaza usiku mmoja. Usifanye hivyo. Chapisha maelezo ya kila somo unalotaka kusoma kule, uende nayo kwa mwenyekiti wa idara yako mwenyewe, si ofisi ya ushirikiano wa kimataifa peke yake, na muandikiane somo lipi linashika nafasi ya lipi. Ahadi ya mdomo kwenye varanda haina kazi. Mwenyekiti anaweza kubadilishwa wewe ukiwa bado ughaibuni. Rafiki yangu alirudi na alama za kujivunia, akaambiwa masomo mawili hayalingani na ya hapa. Akayarudia yote mawili, na wenzake wakavaa majoho wakamwacha.

Hesabu zenyewe ziko hivi. Muhula mzima kule ni pointi 30 za ECTS, mfumo wa Ulaya wa kupima uzito wa masomo, na pointi moja ni kazi ya saa 25 hadi 30, ukijumlisha na kusoma peke yako. Alama zinakwenda kinyume na zetu: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, 5.0 umeanguka. Waeleze wazee mapema, maana mzazi akiona 1.3 anaweza kushika kichwa bure.

Kisha kalenda. Katika vyuo vikuu vingi muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba na kwisha 31 Machi. Mihadhara inaendelea hadi Februari, na mitihani mingi hufuatia hapo. Huku vyuo vingi vinafungua muhula mpya Januari. Kwa hiyo ukiondoka Septemba ukidhani utarudi baada ya Krismasi kuendelea na wenzako, sahau. Panga na idara kabla ya safari namna utakavyofidia masomo ya huo muhula wa pili.

Na jambo hili likushike masikioni: kujiandikisha kwa somo na kujiandikisha kwa mtihani wake mara nyingi ni mambo mawili tofauti. Mtihani una dirisha lake kwenye mfumo wa chuo, likifungwa limefungwa, hata kama hukukosa mhadhara hata mmoja. Hakuna mtu wa kupita darasani akikusanya majina. Masomo mengi yana mtihani mmoja tu mwishoni, hakuna majaribio ya katikati ya kukubeba.

Kama unatoka Technical University of Mombasa, pale Tudor, andika jina la chuo chako kwa urefu. Ukiandika TUM, Mjerumani atadhani umetoka Technical University of Munich, nayo huitwa TUM.

Kwa wanaoswali: Disemba jua huzama karibu saa kumi alasiri, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaweza kukukuta katika vipindi vya mchana mmoja. Tafuta mapema chumba cha utulivu. Vyuo vingi vinacho, cha watu wa dini zote. Funga ikiangukia miezi ya baridi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, hilo nakuhakikishia.

Mizigo sasa, maana najua mama ameshaanza kukaanga. Nyama na maziwa, na vilivyotengenezwa kwavyo, haviingii Ulaya mkobani mwa msafiri, kwa hiyo sambusa za nyama zitaishia pipani uwanja wa ndege. Maembe nayo yanadai cheti cha afya ya mimea. Lakini nazi, ndizi, nanasi na tende zinaruhusiwa bila cheti. Nazi hata hivyo usihangaike nayo, tui la kopo lipo madukani kule. Bora kilo hizo uzipe bizari ya pilau.

Ukikaribia kurudi, futa anwani yako kwenye ofisi ya mji, funga akaunti ya benki baada ya kurudishiwa amana ya chumba, si kabla, na uulize matokeo yako yatatumwa lini na kwa nani. Mara nyingi hutoka wiki kadhaa baada ya mtihani, wewe umeshafika nyumbani. Acha barua pepe unayoifungua kila siku, si ile ya chuo cha kule ambayo itazimwa.