Cheti unacho, dawa huna: maswali yenu kuhusu maumivu sugu

Barua za safari hii nyingi zimetoka Arusha na Moshi. Karibu zote zinalia kilio kimoja: maumivu yamekaa miezi au miaka, na dawa ama haipatikani, ama inapatikana lakini haigusi. Tumejibu tano.

Mgongo unanisumbua tangu mwaka juzi. Zamani nilinunua tramadoli duka la dawa hapa jirani, siku hizi wananirudisha. Kosa langu nini? (Msomaji, Tengeru)

Huna kosa, na muuzaji naye hajakuonea. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza, na tramadoli haimo. Inapatikana famasi, kwa mfamasia, kwa cheti. Udhibiti umekazwa kwa sababu kuna watu wanaoitumia kama kilevi, na mgonjwa wa kweli ndiye anayeumia katikati.

Mara nyingi safari ya mjini inaharibika kwa sababu ya cheti chenyewe: hakina tarehe, hakina muhuri, au kimeandikwa "tramadol 1x3" basi, bila nguvu ya kidonge wala idadi. Picha ya cheti kwenye WhatsApp nayo haikufikishi mbali. Kabla hujatoka chumba cha daktari, kisome: jina lako kamili na umri, jina la dawa, nguvu yake (kwa mfano miligramu 50), mara ngapi kwa siku, siku ngapi, jumla ya vidonge kwa tarakimu na kwa maneno, jina na sahihi ya daktari, muhuri. Kisha piga simu famasi uulize kama ipo, ndipo upande daladala.

Mwambie daktari idadi halisi unayokunywa, hata kama unaona aibu. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima mwisho ni miligramu 400 kwa siku, yaani vidonge vinane vya 50. Ukizidisha hapo unakaribisha degedege. Kama umeinywa miezi mfululizo usiikate siku moja, maana utatoka jasho, utaharisha na usingizi utapotea, ipunguzwe polepole. Na mgongo ukianza kuambatana na ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu au mkojo kugoma kutoka, achana na habari ya cheti, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nina kisukari miaka kumi na moja. Miguu inawaka moto usiku, hata shuka ikinigusa naumia. Nimechomwa sindano za diklofenaki hadi nimechoka. Nimepewa amitriptilini, nikasikia ni dawa ya wagonjwa wa akili, nikaacha. (Mama, Pasua, Moshi)

Shikamoo mama. Moto huo unatoka kwenye mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari, na diklofenaki haina kazi hapo. Hata ukichomwa kila siku, utakachovuna ni vidonda vya tumbo, presha kupanda na figo kuchakaa, figo ambazo kisukari tayari kinazitafuna.

Amitriptilini ni kweli ilianza kama dawa ya sonona. Kwa sonona, hata hivyo, dozi huwa kubwa zaidi; kwa mishipa huanza na miligramu 10 au nusu ya kidonge cha 25, mara moja kwa siku, muda wa saa mbili hivi kabla ya kulala. Daktari hupandisha kidogokidogo kila wiki moja au mbili. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanainywa siku tatu, mdomo unakauka, asubuhi wanaamka na usingizi, moto bado upo, wanaitupa. Dawa hii huhitaji wiki mbili hadi nne ndipo uione kazi yake. Mdomo ukikauka, piga mafunda ya maji. Ukiamka usiku kaa kwanza kitandani, kwa sababu inaweza kushusha presha ghafla ukisimama. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume aseme kabla ya kuandikiwa. Ukiwa unatumia tramadoli pia, taja, kwani zikikutana hatari ya degedege inaongezeka.

Ikikushinda kuna gabapentini, bei yake juu kidogo, nayo hupunguzwa dozi figo zikiwa dhaifu. Karbamazepini watu huipenda kwa sababu ni rahisi kupatikana, ila inang'ara zaidi kwenye maumivu makali ya uso kuliko ya miguu, na inashusha nguvu ya dolutegraviri kwa anayetumia ARV. Omba pia kupimwa figo, na vitamini B12 kama umekunywa metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi, maana upungufu wake nao huleta ganzi na moto.

Mama yetu ana saratani ya shingo ya kizazi. Tumepewa morfini ya maji hospitali kubwa, ya mwezi mzima, lakini huisha kabla ya siku zake na zahanati ya kijijini haina. Ndugu wanasema tunamzoesha. (Familia, Marangu)

Kabla ya kuwaza wizi au kumwagika, shikeni kalamu. Tuseme mama anapewa miligramu 10 kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mbili kwa pamoja ili alale hadi asubuhi. Hiyo ni miligramu 60 kwa siku. Lakini maumivu hupasuka katikati ya dozi, na hapo huongezwa dozi moja ya dharura, ukubwa uleule. Akihitaji mbili kwa siku, jumla ni 80. Aliyeandika cheti akihesabu 60 tu, dawa ya siku 30 inaisha siku ya 23. Basi dozi za dharura ziandikwe kwenye daftari kila siku, na daftari liende kliniki. Likionyesha zaidi ya mbili au tatu kwa siku, dozi ya kawaida inahitaji kupandishwa.

La pili ni lebo. Morfini hii hutengenezwa kwa unga, na ukali hutofautiana. Ya miligramu 5 katika mililita 5, mama atahitaji mililita 80 kwa siku. Ya miligramu 50 katika mililita 5, mililita 8 tu. Chupa zinafanana! Mkibadilishiwa chupa mkaendelea na kipimo cha zamani, ama mnampa mara kumi, ama moja ya kumi. Tumieni bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai.

Kuzoea: mgonjwa wa saratani anayepewa kwa saa na kwa kipimo mara chache sana hugeuka mraibu. Dozi ikihitaji kupanda, kwa kawaida ni uvimbe umekua. Kitakachomtesa hakika ni choo kufunga, na hilo haliishi lenyewe. Bisakodili, kidonge kimoja au viwili vya miligramu 5 usiku, ianze siku moja na morfini. Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupita.

Kwa saratani hii kuna mtego mmoja. Uvimbe unaweza kuziba mirija ya mkojo, figo zikadhoofu, na morfini ikarundikana mwilini kwa dozi ileile ya jana. Mkojo ukipungua sana, akianza kushtukashtuka au akizidi kulala, piga simu kliniki. Akiwa haamki mkimwita, au anapumua chini ya mara nane kwa dakika, msimpe dozi inayofuata, mkimbizeni hospitali.

Kuhusu umbali, ulizeni huduma shufaa, yaani ya kutuliza maumivu ya mgonjwa wa ugonjwa mzito, si wodi ya kawaida. Hospitali za KCMC (Moshi) na Selian (Arusha) wanaijua kazi hii. Ombeni barua inayomruhusu ndugu mmoja, kwa jina, kuchukua dawa, na aende zikibaki dozi za siku saba, asingoje chupa ikauke.

Naweza kunywa diklopa na panadol pamoja? (Dereva, Sakina)

Hapana. Diklopa ya kawaida ina parasetamoli miligramu 500 ndani yake. Moja mara tatu ni 1,500. Panadol nayo ni parasetamoli: ukiongeza mbili mara tatu, 3,000, umefika 4,500. Mwisho wa mtu mzima ni 4,000, na ini halikupigii honi likizidiwa.

Nakwenda harusi Mombasa kupitia mpaka wa Holili. Nabeba tramadoli yangu vipi? (Himo)

Ibebe kwenye pakiti yake ya famasi yenye jina lako, pamoja na nakala ya cheti na barua fupi ya daktari inayotaja dawa, dozi na tarehe za safari. Chukua ya siku unazokaa na mbili tatu za akiba. Ukiulizwa, onyesha mwenyewe. Usibebe ya shangazi kwenye mkoba wako, na usiimimine kwenye kopo la vitamini ili kuokoa nafasi. Hivyo ndivyo dawa halali inavyoanza kufanana na ya magendo.