Usukani unaojivuta kwenye barabara ya Mombasa

SWALI: Assalaam alaikum, Mhariri. Mwezi uliopita nilinunua gari la mtumba kutoka Japani, na maandishi yote ya dashibodi ni ya Kijapani. Nikitoka Malindi kwenda Mombasa, karibu na Gede nilisogea kulia ili nimpe nafasi mzee aliyepakia makuti kwenye baiskeli, nikahisi usukani ukinivuta kushoto, alikokuwa yule mzee. Fundi amefanya alaimenti mara mbili na hali ni ile ile. Je, gari lina kasoro?
Msomaji, Shela, Malindi

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu msomaji. Kwanza nakuomba usilipie alaimenti ya tatu, kwa maana sioni kosa la magurudumu katika maelezo yako. Ulichokihisi, kwa kila dalili, ni mfumo wa kulizuia gari lisitoke katika njia yake.

Juu ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, pana kamera ndogo inayoitazama lami wakati wote wa safari. Kamera hiyo huitambua mistari kwa kulinganisha weupe au unjano wa rangi na weusi wa lami, kisha kompyuta hukadiria gari liko umbali gani na kila mstari na linaelekea wapi. Gari likianza kuukaribia mstari ilhali indiketa haijawashwa, kompyuta huchukulia kwamba dereva amesinzia au ameghafilika, nayo huiamuru mota ya umeme, ile ile inayoufanya usukani uwe mwepesi, iurudishe usukani kidogo. Nguvu hiyo huwekewa kikomo ili mkono wa dereva uishinde, na ndiyo maana uliweza kumkwepa yule mzee salama, alhamdulillahi.

Kumbuka kwamba mzee mwenyewe hakuhesabiwa kabisa katika uamuzi ule, kwa sababu mfumo huu hufuata rangi iliyopakwa barabarani. Pale mchanga ulipofunika ukingo wa lami, au rangi ilipofutika kwa miaka ya malori kupita, au maji ya mvua yanapong'aa usiku, kamera hukosa cha kushika. Pabaya zaidi, kwa maoni yangu, ni palipofanyiwa matengenezo na mistari ya zamani ikaachwa kando ya mipya, kwani hapo gari laweza kuufuata mstari usio wake. Itazame alama ya gari lililo kati ya mistari miwili kwenye dashibodi: katika magari mengi huwa ya kijani mistari inapoonekana, na nyeupe au kijivu inapopotea. Mjini huenda usihisi lolote, kwa kuwa magari mengi huuanzisha mfumo huu kwenye mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa.

Basi kila unapompisha mtu au kulipita gari, washa indiketa mapema. Usukani hautakupinga, na aliye nyuma yako naye atajua unakoelekea. Uliza pia kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa, kwa sababu kamera iliyofunguliwa na kurudishwa bila kupimwa upya kwa vifaa vyake huweza kukosea mahali ulipo mstari. Ukiona usukani unavuta hata gari likiwa katikati ya njia, uzime mfumo kwa kitufe chenye alama hiyo hiyo hadi kamera ipimwe.